Zulia la Vyura

Tarehe 9 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa kidole cha mguu nilichojigonga kwenye kitanda cha chuma, na kosa ni la kitanda. Mwenzangu wa chumbani anakusalimu. Ndiye yule anayekoroma, na bado anakana. Dada na watoto umewaona? Ningekupigia simu, lakini wewe na simu mnajuana: mimi napiga kelele mpaka bweni zima linajua mambo ya kwetu, wewe unajibu, "Eee? Nani kaolewa?" Umepiga nyundo mabomba maisha yako yote na masikio ndiyo yamelipa. Kwa hiyo tuandikiane tu.

Unakula? Usinijibu chai. Chai si chakula. Tangu Mama atutoke umekuwa ukinijibu chai.

Sasa kaa kitako nikusimulie. Juzi mwalimu wa maabara alitupeleka kwenye meza ya karani, pale penye chombo cha maua yaliyosahaulika. Maji yamegeuka rangi, yananuka. Akasema kila mtu achote tone moja, aweke kwenye kipande cha kioo, achungulie kwa hadubini. Mimi nilichungulia huku nimeziba pua. Mama wee! Baba, mle ndani kuna mji. Kuna kiumbe anaitwa paramesia, umbo lake kandambili hasa, mwili mzima ni seli moja, yaani chumba kimoja kisicho na ukuta wa ndani. Hana jicho, hana ubongo, hana moyo. Lakini anakwenda! Amezungukwa na vinyweleo vinavyopiga makasia kwa zamu, akigonga kitu anarudi nyuma, anageuza, anajaribu upande mwingine, kama mtu anayepitisha kabati mlangoni.

Halafu nikaona kitu kilichonifanya nikukumbuke wewe mpaka nikacheka peke yangu. Karibu na ncha ya mwili ana kipovu. Kinajaa taratibu, kinajaa, kinajaa, halafu pyu! kinasinyaa. Kinaanza tena. Mwalimu akasema ile ni pampu. Maji ya nje yanampenyea mwilini wakati wote, asipoyatoa anapasuka, kwa hiyo anayasukuma nje usiku na mchana. Pampu, Baba, ndani ya kiumbe ambaye kwa macho hata humwoni! Nilishindwa kuondoka kwenye kile kiti, wenzangu wakanivuta kwa mkono.

Nina ombi. Mwalimu anataka kila mwanafunzi alete ule mmea mfupi wa kijani unaotandaa kwenye kuta na mawe yenye unyevu. Darasani tunauita mosi. Mama alikuwa akiuita zulia la vyura. Kila mtu anatakiwa kuleta wa kwao, tulinganishe. Wenzangu makwao ni karibu. Mimi nitafikaje? Nibandulie kipande, unitumie kwa posta.

Mwanao,
Kiherehere

*

Tarehe 2 Machi

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Mimi mzima. Dada yako alikuja na wanawe, wamenivunjia kikombe, wameondoka. Mwambie huyo mwenzako kwamba kila anayekoroma anakana, hata mama yako alikuwa akikana, na mimi ndiye niliyekuwa silali.

Nakula. Mkate, na kitu cha kushushia. Sikuandika chai.

Hiyo pampu yako nimeifikiria sana. Nimemweleza jirani, akaniangalia kama nimeugua. Lakini wewe mwanafunzi nijibu kama fundi: valvu yake iko wapi? Pampu isiyo na valvu, ikisukuma, maji yanarudi yalikotoka. Na anayeifanyia matengenezo ni nani? Mimi pampu za watu ninazozijua hazimalizi mwaka bila kulia. Wewe unaniambia mdudu asiye na ubongo amefunga pampu isiyoharibika. Ama mwalimu wenu anawadanganya, ama sisi mafundi tumekula hela za watu bure.

Zulia hilo hapo kwenye kifurushi. Nimelibandua ukutani nyuma ya bafu. Usiwe na wasiwasi, sikukutumia uchafu. Nimeliloweka kwenye dawa ya vyoo mpaka asubuhi, nikalisuuza kwa maji ya moto, nikalianika, nikalipiga pasi kidogo ili litulie kwenye bahasha. Sitaki watu wa chuo waseme binti wa fundi kaletewa takataka na baba yake.

Jambo lingine. Lile jiwe la kufulia la uani nimeamua kulivunja. Linakula nafasi, na hapo nataka sakafu nipange mabomba yangu. Mwashi nimeshaongea naye. Si jambo la kujadili, kwa hiyo usilijadili.

Baba yako

*

Tarehe 20 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za kikombe nimezisikia, pole. Mimi mzima, kidole kimepona.

Baba. Dawa ya vyoo? Na pasi?

Nililiweka lile zulia kwenye kibakuli, nikatia maji, nikachungulia. Kimya. Majani yamepauka kama karatasi. Sikuona hata kitu kimoja kinachotingishika. Mwalimu wa maabara akaja, akanusa, akauliza, "Hii imetoka hospitali?" Ikabidi niseme ukweli. Huyu bwana hacheki, Baba, tunasema meno yake yako benki, lakini alicheka mpaka akashika meza. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kupokea mosi iliyopigwa pasi, na kwamba nikuambie wewe ni mtu safi kuliko wote aliowahi kuwasikia.

Tatizo ni kwamba uchafu ndio tulioutaka. Katika lile zulia huwa wamo viumbe: vya seli moja, minyoo myembamba kama uzi uliochanika, na wanyama wengine ambao sijawaona bado na ninawatamani kama mtoto anavyotamani sikukuu. Wewe umewachemsha wote.

Kuhusu valvu nimeuliza. Kile kipovu kina kitundu kwenye ngozi, kinafunguka kikisukuma, kikimaliza kinajiziba. Hakuna anayekitengeneza, kinajitengeneza chenyewe. Mwalimu amesema swali lako ni zuri kuliko maswali ya darasa zima. Usivimbe kichwa.

Tafadhali nitumie kipande kingine. Usikisafishe. Usikiguse na dawa. Kikiwa kimekauka ni sawa, kikiwa na mchanga ni vizuri zaidi.

Sasa lingine. Jirani ameniandikia. Anasema unachota maji kwake kwa ndoo. Fundi bomba, Baba, anachota maji kwa jirani! Anasema bomba la uani halitoi maji siku nyingi na ukiulizwa unasema ni matengenezo. Na Dada anasema akija unampokea sebuleni, uani hamwendi.

Habari ya jiwe nimeisoma. Umesema nisijadili, sijadili. Nasema tu kwamba Mama alisimama mbele ya jiwe lile tangu sijazaliwa, na mimi nilijifunza kusimama kwa kulishika. Nimesema tu.

Kiherehere

*

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Jirani ana mdomo. Bomba liko kwenye matengenezo.

Hicho hapo kipande kingine. Kichafu kama ulivyoagiza, sijakigusa na kitu. Kimekauka siku nyingi mno na kimekufa kabisa, kinavunjika vidoleni. Usinilaumu, na usiniombe tena.

Mwashi anakuja mwishoni mwa mwezi wa tano.

Baba yako

*

Tarehe 30 Aprili

Baba! Baba yangu!

Shikamoo. Wote wazima, nitakusalimia vizuri barua nyingine, hii haiwezi kungoja.

Kipande chako kilifika kimevunjika, nusu unga. Rangi ya tumbaku. Nilikaribia kukitupa, kwa sababu hata mimi niliona kimekufa. Nikaweka nusu kwenye kibakuli, nusu nikaibakiza kwenye bahasha. Nikadondosha maji, tone kwa tone.

Kwanza lilikuwa zulia lenyewe. Vijani vilikuwa vimejisokota kama nywele zilizosukwa. Maji yalipovigusa vikaanza kufunguka. Nakwambia nilivitazama kwa macho yangu haya, bila hadubini: kimoja, halafu jirani yake, halafu vyote pamoja, vikanyooka, na ile rangi ya tumbaku ikawa kijani. Chai yangu ilikuwa bado ya moto pembeni. Mmea uliokuwa unga vidoleni mwako ulikuwa kijani kabla chai haijapoa. Nikamwita mwenzangu, akaja, akasema, "Umebadilisha kibakuli." Nikamwapia.

Halafu nikachukua tone la mle nikaweka chini ya hadubini. Mchanga mtupu. Nikangoja. Wenzangu wakaenda kula, mimi nikabaki. Hapo chembe moja ya mchanga ikajinyoosha.

Sikosei, Baba. Kilichokuwa kama punje kikawa na shingo, kikawa na mguu, kikajishika kwenye kijani kwa mguu huo, kisha kikafungua kichwa na juu ya kichwa yakatokea magurudumu mawili yanayozunguka! Anaitwa rotifa. Ni vinyweleo vinavyopiga kwa zamu, ila macho yanaona magurudumu, na yanavuta maji na chakula kuingia mdomoni. Ndani ya kifua chake, ambacho ni kiangavu kama kioo, nikaona taya zinatafuna. Mnyama mzima, ana tumbo, ana taya, na ni mdogo kuliko nukta ninayoweka hapa. Tena rotifa wa aina hii wote ni majike, hakuna dume hata mmoja, wanazaa wenyewe.

Pembeni kulikuwa na viduara vidogo vimelala. Kimoja kikaanza kuzunguka ndani ya ganda lake, kikazunguka, ganda likapasuka, kiumbe cha seli moja kikachomoka kwa kasi. Na mwisho kabisa akaja yule niliyekuwa namtamani. Dubu wa maji. Ana miguu minane minene, kila mguu na kucha zake, anatembea akiyumba kama mtoto mwenye nepi iliyojaa. Alikuwa amejikunja kama pipa kavu. Akafura, akatoa mguu mmoja, akautoa mwingine, akaondoka zake kutafuta chakula. Baba, nililia. Sioni aibu kukuambia.

Nilimwita mwalimu. Alichungulia muda mrefu, akavua miwani akaifuta, akachungulia tena. Nikamwuliza walikuwa wamekufa? Akasema hapana. Walikuwa hai? Akasema, hapo ndipo hata sisi tunapokuna kichwa. Maji yakiwaisha hawafi. Wanajikunja, maji yote yanawatoka mwilini, hawali, hawapumui, hawakui. Wanangoja. Nikamwuliza wanangoja nini, akasema maji tu.

Kwenye kila sampuli tunabandika karatasi: imetoka wapi, na mara ya mwisho kulowa ni lini. Karatasi yangu iko wazi, kwa sababu hukuniambia. Ulilibandua wapi, Baba? Na maji lilipata lini mara ya mwisho?

Mwanao anayekupenda,
Kiherehere

*

Tarehe 28 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yangu ya mwezi uliopita ilikufikia? Mimi mzima. Dada anasema na wewe mzima, ila huongei. Mwenzangu anakusalimu.

Viumbe bado wapo. Rotifa wametaga. Kila asubuhi kabla ya darasa naenda kuwaangalia.

Mwezi wa tano unaisha. Mwashi amekuja?

Nijibu, hata mstari mmoja. Nimeshawaambia hapa kwamba nisipopata jibu naacha masomo nakuja nyumbani kukutazama kwa macho, na unajua nikisema nafanya.

Kiherehere

*

Tarehe 6 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Usiache masomo. Ukija nitakurudisha kwa miguu yako. Mimi mzima. Barua ilifika zamani, nimekuwa nikiisoma. Nimeisoma mpaka imekatika kwenye kunjo.

Jaza karatasi yako. Andika: jiwe la kufulia, ubavuni, chini ya bomba. Lile zulia ni la mama yako. Ulisema unataka kipande, na mimi nilikuwa na hasira na jirani na wewe na kila mtu, nikaenda uani nikabandua kilichokufa kuliko vyote, ili ukione kimekufa uniache.

Mara ya mwisho kulowa ni asubuhi ile ya mwisho ya mama yako.

Utauliza kuhusu mvua, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi. Mvua haifiki pale. Ulipoanza kutambaa mama yako alilalamika jua linamchoma akifua, nikamwezekea bati. Upande wa upepo nililishusha mpaka kiunoni. Alinicheka, akasema nimemjengea chumba ambacho mimi mwenyewe siingii. Tangu siku hiyo jiwe lile halijapata tone lisilopita kwenye bomba lile, na bomba lile halifunguliwi na mtu ila yeye. Nyie wote mlikuwa mnakwepa kufua.

Asubuhi ile alikuwa ameloweka shati langu la kazi. La bluu. Alikuwa amelipaka sabuni, akasema kichwa kinamwuma, akakaa chini. Mengine unayajua. Kitu usichokijua ni kwamba tuliporudi kutoka hospitali bila yeye, bomba lilikuwa bado wazi. Maji yanapiga jiwe, yanapiga, kama kuna mtu anafua. Mwanangu, haya masikio hayasikii simu, hayasikii mlango, lakini lile nililisikia tangu barabarani, nikapita mbio kati ya watu nikidhani yupo. Nikafunga valvu. Kesho yake nikalikata bomba nikatia kizibo. Lile shati nililitundika chumbani na sabuni yake bila kulisuuza, na tangu hapo nimekuwa nikimwona yeye pale uani hata nikifumba macho. Ndiyo sababu nataka kuvunja. Nimechoka kumwona hayupo.

Mwashi alikuja na nyundo yake kubwa. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nikamwambia akae anywe chai kwanza. Alikunywa chai, nikamwongeza, akanywa, nikamwongeza, mpaka akaniuliza, "Fundi, tunavunja au hatuvunji?" Nikamwambia nangoja jibu kutoka chuoni. Akauliza jibu la nini. Nikasema la kitaalamu. Atarudi mwisho wa mwezi huu.

Sasa nijibu, na usinipambe kwa kuwa mimi ni baba yako. Hao walioamka mbele yako ndio wale wale? Walikuwepo pale siku ile, yeye akiwa amesimama? Au ni watoto wao, au wageni walioletwa na vumbi? Na yale maji ndani yao ni yale ya mkono wake? Nataka ukweli, sitaki maneno ya kunifariji.

Baba yako

*

Tarehe 15 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za maabara, nikakaa pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Sikujua habari ya bomba. Ulikaa nalo peke yako muda wote huo. Pole, Baba. Pole sana.

Umetaka ukweli. Nimeuliza, nimesoma, nimeuliza tena.

Kwanza maji. Maji yale hayamo. Kiumbe akikauka hivi yanamtoka karibu yote, na yale yalikwenda hewani siku ile ile au wiki ile. Sikufichi hilo.

Lakini ukikauka hivyo huzai, hutagi, hukui. Kwa hiyo kwenye zulia kavu hapakuwa na kizazi kipya. Vumbi linaweza kuleta mgeni mmoja mmoja, hilo mwalimu hawezi kuapa. Lakini wale walioamka siku ya kwanza, kabla hawajataga, wakiwa wengi vile, wameshikana na vile vijani, ni wale wale waliolala. Walikunywa maji aliyoyafungulia Mama. Rotifa yule niliyemwona anafungua magurudumu, mlo wake wa mwisho kabla ya hapo aliula miguuni pa Mama. Hajala kingine katikati. Kwake yeye asubuhi ile ilikuwa jana.

Ni wale wale, Baba.

Nilipolielewa hilo nilirudi maabara nikatazama kibakuli na sikuthubutu kukigusa. Nimesoma majina ya viumbe hawa, nimeyafanyia mtihani, nimepata alama nzuri, na sikuwa nimeelewa kitu.

Kuna ukweli mwingine na huu nao uupokee. Hawangoji milele. Wanavumilia miaka kadhaa, wengine zaidi, lakini kila mwaka wa ukavu wanaoamka wanapungua. Na wakivunjiwa jiwe wakafukiwa chini ya saruji, ndiyo basi.

Uliniambia nisijadili. Sasa najadili. Usilivunje jiwe la Mama. Nakuomba, Baba. Mimi nina hadubini ya chuo kwa miaka mitatu tu, halafu nairudisha. Jiwe ni letu.

Kiherehere

*

Tarehe 1 Julai

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba, na mara nyingine marahaba. Mimi mzima. Dada yako mzima, wanawe wazima, wamevunja kikombe kingine. Jirani nimemrudishia ndoo yake, nikamshukuru, akataka kujua yote, nikamwambia ataandikiwa na wewe.

Mwashi amekuja na ameondoka. Nimemwambia jibu la kitaalamu limefika. Akachukua nyundo yake, akasema familia yenu ina mambo. Nikamwambia hajui nusu.

Nilikwenda uani siku ya mapumziko, asubuhi. Nilichukua msumeno na bomba jipya, nikatoa kizibo, nikaunga. Mkono haujasahau. Kabla ya kufungua nilikaa juu ya ndoo nikaogopa, nakuambia kweli, mtu mzima na ndevu zangu, nikaogopa bomba. Kisha nikafungua kidogo, likawa tone, kama ulivyofanya wewe.

Zulia limekuwa kijani, mwanangu. Ubavu mzima, mpaka chini kabisa kwenye mfereji. Niliweka uso karibu mpaka pua ikalowa. Magurudumu sikuyaona, macho yangu si hadubini, lakini nilijua wapo na wanazunguka. Nikawaambia habari za asubuhi. Nikawaambia samahani kwa kukatiwa maji, fundi alikuwa na msiba. Jirani alikuwa anachungulia juu ya ukuta, na safari hii mwache aseme.

Halafu nikalitoa lile shati la bluu. Lilikuwa gumu kama bati, linasimama lenyewe. Nikaliweka juu ya jiwe, chini ya maji, likalegea taratibu, kola, mikono, kifua. Nikalisugua kwa vidole, bila kuongeza kitu chochote.

Likatoa povu. Sabuni yake, mwanangu. Ile aliyoipaka yeye. Povu jeupe, tele, likanijaa mikononi, likamwagika mpaka kwenye zulia, nikalizuia kwa mkono lisiwadhuru wale wengine. Nililia kwa sauti pale chini ya bati langu, na bomba likilia na mimi, na hakuna aliyenisikia vizuri kwa hiyo si neno. Nikalisuuza vibaya, madoa yamebaki, angenirudishia. Limekauka kwenye kamba yake na ndilo nililolivaa ninapokuandikia.

Nimekula. Wali. Nimeupika mwenyewe, chini umeungua, juu unalika.

Kwenye bahasha hii kuna kipande kidogo cha zulia nilichokibandua kabla sijafungua bomba. Ni kikavu. Kile ulichokiamsha chuo kimekipata, hiki usiwape. Usikitie maji. Kiweke mahali pakavu kimsubiri mtoto utakayemzaa. Siku akiwa na akili ya kutazama, mtilie tone moja mbele ya macho yake, na wakianza kuamka mwambie amwamkie bibi yake.

Umesema hawangoji milele. Basi na wewe uangalie, Kiherehere, maliza masomo na usitukawize, mimi na hao wadudu.

Baba yako